Riesling inayonuka mafuta ya taa na Barolo yenye ukakasi: jibu kwa msomaji wa Trier

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni Mtanzania, nimeolewa Trier, Ujerumani. Baba mkwe wangu anaweka mvinyo kwenye chumba cha chini ya nyumba tangu kabla mume wangu hajazaliwa. Siku ya Pasaka alifungua chupa mbili: Riesling ya Mosel ya 1990, imeandikwa Auslese, na Barolo ya 1996, mvinyo mwekundu wa Italia. Ile nyeupe ilinuka mafuta ya taa, sitanii, yale yale ya kibatari. Ile nyekundu haikuwa hata nyekundu, ilikuwa rangi ya matofali, na ilinikausha mdomo hadi nikaomba maji. Mimi nilimiminiwa mwisho kwa kuwa nilikuwa jikoni, na chini ya glasi nilikuta chengachenga nyeusi. Wenzangu walikuwa wanafumba macho na kusifu. Nami nikasifu, ningefanyaje? Je, kweli wanaonja kitu nisichokionja, au ni maringo? Desemba mzee atafungua Barolo ya pili ya mwaka ule ule, na safari hii nataka nijue ninakunywa nini. Halafu mimi na mume wangu tuna chupa ya mvinyo mweupe, Pinot Grigio ya euro 6 tuliyoinunua wiki ya ndoa yetu, 2021. Tuitunze hadi tutimize miaka 20?

Jibu: Marahaba, dada. Nianze na chengachenga, maana zenyewe zinajibu nusu ya swali lako. Wewe na wenzako hamkunywa kitu kimoja. Chenga zile ni mashapo. Mvinyo mwekundu ukikaa chupani miaka mingi, rangi yake na tanini, yaani kile kinachokausha mdomo, hushikana, zikawa nzito na kuzama. Barolo ya umri ule huwa na mashapo mengi, na laini kama vumbi. Kila chupa inapoinamishwa kumjazia mtu glasi na kurudishwa wima, yanatibuka kidogo zaidi, hadi yanamfikia yule wa mwisho. Ni machungu, yana ukakasi, na yanafunika harufu zote nzuri. Wakwe zako walipata mvinyo uliotulia, wewe ukapata tope lake. Ulimi wako ulisema kweli.

Pua yako nayo haina kasoro. Wanaolipwa kuonja mvinyo huandika neno lile lile uliloliandika wewe. Wajerumani huiita harufu hiyo Petrol, na hali nzima ya mvinyo mweupe uliokomaa huiita Firne. Ungelisema wazi mezani, nadhani baba mkwe angefurahi kuliko alivyofurahia sifa zako za uongo.

Kinachonuka hivyo kina jina refu la kikemia linalofupishwa kuwa TDN. Zabibu ya Riesling, ikiwa bado kwenye mzabibu, hutengeneza karotenoidi, jamii ile ile inayoipa karoti rangi yake. Jua likiipiga ngozi ya zabibu, sehemu ya karotenoidi hizo huvunjika na kuacha vipande vilivyofungamana na sukari, visivyo na harufu yoyote. Mvinyo ukishatiwa chupani, asidi yake huvifungua vipande hivyo polepole, mwaka baada ya mwaka, na baadhi yake hugeuka TDN. Aina nyingine za zabibu nazo zinayo, lakini kidogo mno kiasi kwamba pua haiikamati. Ndiyo maana Riesling za Australia, kwenye jua kali, hunuka hivyo zikiwa changa kuliko za Mosel. Wazalishaji wengi wa Ujerumani wanaihesabu kuwa kasoro ikijitokeza kwenye chupa ya miaka 2 au 3. Kwenye chupa ya 1990 ni stahili yake kabisa.

Tatizo ni kwamba harufu hii hupiga kelele kwanza, na mtu asiyeitarajia huishia hapo hapo. Wakati mwingine mvinyo wa namna hiyo ukifika mbele yako, nusa, weka glasi chini, zungumza na mtu dakika 5, kisha rudi. Pua huzoea mafuta ya taa upesi, na ikishayazoea, vilivyojificha nyuma vinatoka: asali, aprikoti kavu, ganda la limau lililochemshwa na sukari, nta ya nyuki. Kisha onja na usikilize utamu. Auslese ni mvinyo wa zabibu zilizochaguliwa zikiwa zimeiva kupita kawaida. Sheria ya mvinyo ya Ujerumani ya 1971 inazipanga ngazi hizi kwa kadiri ya sukari iliyomo kwenye maji ya zabibu siku ya kukamua, kuanzia Kabinett, kisha Spätlese, ndipo Auslese, na juu yake zipo mbili za zabibu zilizonyaushwa na ukungu wa Botrytis. Kwa mtindo wa zamani wa Mosel, uchachishaji hukoma sukari ikiwa bado ipo, kwa hiyo kilevi cha mvinyo wa namna hiyo mara nyingi ni asilimia 7 hadi 9 tu. Ajabu yake ni hii: ukiipima leo sukari ya chupa ile ya 1990 utaikuta karibu ile ile ya siku ilipofungwa, lakini mdomoni inaonekana imepungua sana. Tunda lililokuwa likiushangilia utamu limeondoka, asidi imebaki, na ulimi unasema mvinyo umekauka. Mimi nikipewa nichague kati ya Riesling ya namna hiyo na nyekundu za Bordeaux, Ufaransa, zinazouzwa mara 10 ya bei yake, sifikirii mara mbili. Bei ya mvinyo huu bado iko chini ya thamani yake, na wakwe zako wanaishi katikati ya mashamba yake.

Sasa hilo la umri. Ya kale ni dhahabu, tunasema, na kwenye mvinyo methali hiyo imewamwagisha watu fedha nyingi. Sehemu kubwa sana ya mvinyo unaotengenezwa duniani, Ulaya ikiwemo, hukusudiwa kunywewa ndani ya miaka miwili mitatu. Ukiuhifadhi zaidi ya hapo unakufia mkononi. Hata ule mchache unaoweza kukaa miaka 30 haupandi ngazi kwenda juu kila mwaka. Unabadilika kuwa kinywaji kingine, na ni halali kabisa mtu kupenda kile cha mwanzo zaidi. Ng'onda hatumwiti samaki mbichi aliyeboreka. Ni chakula kingine, chenye wapenzi wake, na si kila samaki anafaa kukaushwa.

Kinachoondoka kwanza ni tunda: cheri, plamu, tufaha, ndimu, zile harufu ambazo mtu yeyote anazitambua bila kufundishwa. Kinachoingia badala yake ni harufu za vitu vikavu, vya udongo na vya ngozi. Ili mabadiliko hayo yawe na pa kusimama, mvinyo lazima uwe na kitu cha kuubeba tangu mwanzo: asidi nyingi, au tanini, au sukari, na zaidi ya yote zabibu nzito zilizotoka kwenye mizabibu isiyozaa kupita kiasi. Riesling ya Auslese inabebwa na asidi na sukari. Barolo inabebwa na asidi na tanini. Madeira ya Ureno, ambayo hupikwa na joto na kuachwa ipigwe na hewa makusudi kabla ya kuuzwa, inaweza kupita miaka 100 na isishtuke, kwa kuwa kila kinachoua mvinyo mwingine yenyewe ilishakipitia.

Barolo nitaikalia kidogo, maana ndiyo inayokusubiri Desemba.

Inatoka kwenye vilima vya Langhe, kusini magharibi ya mji wa Alba, mkoa wa Piemonte, kaskazini magharibi ya Italia. Eneo ni dogo, vijiji 11 tu, na zabibu inayoruhusiwa ni moja: Nebbiolo. Nebbiolo huchelewa kuiva, mara nyingi huvunwa Oktoba wakati ukungu umeshaanza kujaa mabondeni. Ina tanini nyingi mno na asidi ya juu, lakini rangi yake ni haba na haidumu. Hapo ndipo watu wengi hupotea. Mtu aliyezoea mvinyo wa zabibu za Cabernet, mweusi ti, akiona Barolo anadhani imechakaa, kumbe hata ikiwa na miaka 8 pembezoni mwa glasi huwa imeshaanza kugeukia rangi ya matofali. Kwa Barolo ya 1996 rangi uliyoiona ndiyo inayotarajiwa. (Nyekundu hufifia kadiri inavyozeeka na nyeupe hukolea. Ukiziweka pamoja Riesling ya miaka 60 na Barolo ya miaka 60, rangi zake zinakaribiana kuliko unavyodhani.)

Ukakasi ni tanini. Ni jamii ile ile iliyomo kwenye chai iliyochemka kupita kiasi. Hutoka kwenye ngozi na mbegu za zabibu, na kiasi kwenye mbao za pipa. Ikiingia mdomoni hushikamana na protini za mate, mate yanapoteza utelezi wake, nawe unahisi ulimi umekuwa kama gunzi. Kwa hiyo maji uliyoomba hayakukusaidia sana. Maji huosha hata mate kidogo yaliyobaki. Kilichohitajika ni kipande cha nyama au jibini. Tanini ikipata protini na mafuta ya chakula huyashika hayo na kuuacha ulimi wako. Watu wa Piemonte hawanywi Barolo peke yake kama wanavyokunywa watu wa hoteli za kifahari. Wanaiweka mbele ya nyama ya ng'ombe iliyopikwa kwa saa nyingi, mara nyingi ndani ya mvinyo huo huo.

Sasa mwaka wenyewe. 1996 ulikuwa mwaka mgumu kwa maana nzuri: asidi ya juu, tanini kali, mivinyo iliyofungwa kama ngumi kwa muda mrefu. Waonjaji wengi wanauhesabu kati ya miaka mikubwa ya Barolo, pamoja na 1978, 1989 na 2001, lakini haukuwa mwaka wa upole. Hata mashapo yasingekufikia, bado ungehisi ukakasi. Soma lebo uone zabibu zilitoka kijiji gani. Ikiwa ni Serralunga d'Alba au Monforte d'Alba, tarajia mvinyo wa mifupa, uliokaza. La Morra, ng'ambo ya bonde, udongo ni mwingine, na mvinyo wake hulainika mapema na kunukia maua zaidi. Hii ni kanuni ya jumla ambayo mkulima mmoja hodari anaweza kuivunja, ila ni pazuri pa kuanzia.

Ukinusa ukapata vanila na mkate uliochomwa, basi mzalishaji alitumia mapipa madogo mapya ya mwaloni wa Ufaransa. Miaka ya 1980 na 1990 jambo hilo liliwagawa watu wa Langhe hadi ndani ya familia. Vijana walitaka mapipa madogo na mvinyo wa kunyweka mapema, wazee wakashikilia mapipa makubwa ya mbao za Slavonia, Kroatia, yanayobeba maelfu ya lita na yasiyoacha ladha ya mbao. Mzee Bartolo Mascarello, aliyekuwa akichora lebo zake kwa mkono, alitoa moja iliyoandikwa "No Barrique No Berlusconi" (barrique ndilo lile pipa dogo), akimpiga mwanasiasa na pipa kwa jiwe moja. Vita hiyo imepoa. Leo wengi wamerudi kwenye mapipa makubwa, na sheria ya sasa inataka Barolo ikae miezi 38 kabla ya kuuzwa, angalau 18 kati ya hiyo ndani ya mbao bila kusema pipa liwe la ukubwa gani. Mimi niko upande wa wazee. Vanila ya pipa ikishakufa na tanini yake ikabaki, hakuna umri unaoiponya.

Uliuliza kuhusu maringo. Yapo, tena mengi, na nisingekuwa mkweli nikikuambia kila aliyefumba macho siku ile alikuwa anaonja. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio lao: waliwapa wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakauelezea kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Macho yaliishinda pua, na hao walikuwa watu wanaoisomea kazi. Mwaka 2008 watafiti wengine walikusanya matokeo ya maonjo zaidi ya 6,000 ambamo mnywaji hakujua bei, wakakuta watu wa kawaida hawakupenda mvinyo ghali zaidi kuliko wa bei ya chini. Kwa wastani waliupenda kidogo pungufu.

Kuna na kisa cha chupa ya Château Lafite, mvinyo maarufu wa Bordeaux, ya 1787. Ilipigwa mnada na Christie's jijini London, Desemba 1985, kwa pauni 105,000, ikisemwa ilikuwa mali ya Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, kwa kuwa kioo chake kilichongwa herufi za jina lake. Aliyeileta ni mfanyabiashara Mjerumani, Hardy Rodenstock. Familia ya Forbes ya Marekani iliyoinunua iliiweka kwenye maonyesho chini ya taa, joto likakikausha kizibo, kikatumbukia ndani ya mvinyo. Baadaye tajiri mwingine, Bill Koch, aliyekuwa amenunua chupa nne za asili hiyo hiyo, aliajiri wapelelezi, na wataalamu wakasema herufi zile zilichongwa kwa kifaa cha umeme. Jefferson alifariki 1826. Watu wazito wa dunia ya mvinyo walikuwa wamekaa meza moja na Rodenstock miaka mingi, wakinywa alichowapa na kusifu.

Kwa hiyo jina kubwa, mwaka wa mbali na uso wa mwenye nyumba vinaweza kumwonjesha mtu kitu kisichokuwepo. Hilo halifuti kilichopo. TDN inapimwa maabara, tanini inapimwa, na mtu aliyezoea anaweza kuzitambua akiwa amefungwa kitambaa. Namna yangu ya kumpima mtu ni kumsikiliza. Anayeringa husema mvinyo ni wa kipekee, wa ajabu, halafu anataja bei. Anayeonja husema kitu mahususi, kama waridi kavu, au uyoga, au "nusu saa iliyopita haikuwa hivi". Tena hubadili mawazo glasi ikiwa mkononi.

Tuje Desemba. Ombi la kwanza ni la kifamilia kuliko la kitaalamu: bata bukini wa Krismasi akae kwenye oveni, na wewe uwe mezani chupa inapofunguliwa. Zaidi ya hapo, mwombe baba mkwe umsaidie kuiandaa. Mzee aliyetunza chupa miaka yote hiyo hupenda kuulizwa kuliko kusifiwa, na kuna kazi ambayo mtu mmoja haiwezi vizuri, nitaieleza.

Siku mbili tatu kabla, chupa iliyokuwa imelala isimamishwe wima mahali penye ubaridi, ili mashapo yote yashuke chini. Ukiisimamisha asubuhi ya sikukuu umechelewa. Itazame kimo chake kwenye mwanga. Mvinyo ukifika shingoni au chini yake kidogo ni dalili njema. Ukiwa umeshuka hadi katikati ya mabega, hewa imeingia na msitarajie mengi. Kizibo cha umri huo huwa laini, na skurubu ya kawaida hukitoboa na kukivunja. Kuna kifungulio cha visu viwili vyembamba vinavyoteremka pembeni mwa kizibo, mzee huenda anacho. Kikivunjika hata hivyo, hakuna msiba. Chujio la chai lililooshwa bila sabuni linatosha.

Ifunguliwe muda wa saa 3 au 4 kabla ya chakula na imiminwe kidogo tu kwa kuonja. Hapa kuna harufu tatu za kutofautisha. Ikiwa ni harufu ya chumba kilichofungwa muda mrefu, ngojeni. Nusu saa ya hewa huiondoa. Ikiwa ni boksi lililolowa maji na kuota ukungu, hiyo ni TCA, kemikali inayotoka kwenye kizibo. Haiondoki, na kila dakika inazidi kuonekana. Chupa hiyo imekufa na kosa si la mtu. Ikiwa inachoma pua kama siki au dawa ya kufutia rangi ya kucha, kiasi kidogo kinavumilika kwenye mvinyo mzee wa Italia, kingi hakivumiliki. Wafanyabiashara wa mvinyo wana msemo kwamba baada ya miaka 20 hakuna tena mvinyo mzuri, kuna chupa nzuri. Chupa mbili za kasha moja zinaweza kuwa mbali kabisa, kwa hiyo usishangae ya Desemba ikiwa nyingine.

Ikiwa nzima, sasa ndiyo kazi ya watu wawili. Mzee anamimina kwenye jagi la kioo polepole, kwa mkupuo mmoja, bila kuirudisha chupa wima hata mara moja. Wewe unashika tochi ya simu chini ya shingo ya chupa. Mvinyo utapita safi muda mrefu, kisha utaona uzi mweusi unaanza kutambaa kuelekea mdomoni. Hapo mwambie basi. Vidole viwili vya mwisho vinabaki chupani, na safari hii hanywi mtu. Jagi pana la maonyesho silipendi kwa mvinyo wa umri huu, linauchosha kwa hewa. Jagi jembamba linafaa, hata la maji ya kunywa, mradi halina harufu.

Joto liwe nyuzi 16 hadi 18. Nyumba za Ujerumani mwezi wa Desemba hupashwa moto hadi 21 au 22, na kwenye joto hilo kilevi ndicho kinachopanda puani. Glasi iwe kubwa na ijazwe theluthi tu. Nusa kabla hujazungusha, maana harufu nyepesi hutoka zenyewe na zikitikiswa hupotea. Barolo nzee husifiwa kwa vitu viwili visivyofanana, waridi na lami, ile ya barabara mpya. Ukivipata, vizuri. Usipovipata, usivitafute. Wataje wao uyoga na trufu za Alba, uyoga wa ghali wa chini ya ardhi, ambazo huota kwenye vilima vile vile. Wewe tumia kabati lako mwenyewe. Karafuu kavu, ukwaju, tende, ubani, ngozi ya kiatu kipya, udongo ukipata mvua ya kwanza: nimezikuta zote kwenye Nebbiolo za umri huo, na ni maneno sahihi zaidi kwako kuliko tunda la porini usilowahi kuliona.

Mkupuo wa kwanza usiuhukumu. Mdomo bado haujajiandaa na tanini ndiyo itakayosikika. Kula kidogo, kisha kunywa tena kiasi cha kijiko, kizungushe mdomoni, vuta hewa kidogo juu yake, meza. Hapo ndipo unapoanza kuhesabu. Wafaransa wana kipimo wanachokiita caudalie, sekunde moja ya ladha inayobaki baada ya kumeza. Mvinyo wa kawaida huondoka baada ya sekunde chache. Barolo nzuri iliyokomaa hukaa, na kila sekunde chache inageuka: tunda kidogo, kisha viungo, kisha uchungu mtamu kama wa ganda la chungwa. Mimi ningetoa mvinyo wote wenye harufu kubwa na mkia mfupi kwa mmoja wa mkia mrefu. Bakiza kidogo kwenye glasi hadi mwisho wa chakula, urudi tena baada ya saa nzima. Mililita 100 zinatosha jioni nzima kwa kazi hii, na asiyetaka kumeza anaweza kutema kwenye kikombe. Waonjaji wengi wa kazi hutema.

Kuhusu chakula, bata bukini na mafuta yake ni rafiki wa tanini. Ukipanga kuchangia sahani ya nyumbani, pilau itakwenda na Riesling nzee kuliko na Barolo. Iliki, mdalasini na utamu uliotulia vinaelewana. Pilipili tu usiilete karibu na Barolo. Kilevi huzidisha mwasho wake, na mwasho hufunika kila kitu kilichosubiri tangu 1996.

Imebaki Pinot Grigio yenu. Ni mvinyo wa kunywewa ukiwa na mwaka mmoja au miwili, na wenu umeshapita hapo. Haina tanini, asidi yake ni ya wastani, na kwa euro 6 zabibu zake hazikuvunwa kwa ajili ya kukaa. Mkitaka chupa ya mwaka wa ndoa, mko mahali pazuri duniani pa kuitafuta. 2021 ulikuwa mwaka wa baridi Mosel, wenye asidi ya juu, na Kabinett na Spätlese zake za mtindo mtamu zimejaaliwa kuishi muda mrefu. Spätlese ya mzalishaji anayeaminika hamtashindwa kuipata kwa bei ya chakula cha watu wawili hotelini. Mwulizeni baba mkwe mnunue kwa nani, chukueni tatu, na muombe kona kwenye chumba chake cha chini, ambako giza na ubaridi havibadiliki. Moja mkaifungue mkitimiza miaka 10 kuona inaendeleaje. Ile Pinot Grigio ifungueni wiki hii mkiwa na samaki, ikae friji saa mbili kwanza, na ikiwa imegeuka rangi ya dhahabu na kunuka tufaha lililooza, itieni kwenye mchuzi.